Mchezaji Aliyesimama Mwisho

  

Leo nataka kuwapa habari za mtu aliyekuwa mchezaji hodari wa mpira. Si mpira huu wa miguu ambao watoto wetu huucheza jioni chini ya minazi, bali ule mchezo wa Kiingereza uitwao kriketi. Pengine umewahi kuuona ukichezwa Mombasa. Mtu mmoja hushika gongo la ubao, na nyuma yake vimesimamishwa vijiti vitatu. Mwingine humtupia mpira mgumu kama jiwe, akitaka kuviangusha vile vijiti. Mwenye gongo huvilinda, na akipata nafasi huupiga mpira mbali, kisha yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana nafasi, na kila mbio huhesabiwa.

Basi mwishoni mwa Agosti mwaka 1882, mjini London, Waingereza walishindana na watu wa Australia. Siku ya pili Waingereza walihitaji mbio 85 tu ili washinde. Walidhani kazi imekwisha. Lakini wapigaji wao wakaanza kuanguka, mmoja baada ya mwingine, kama madafu yanayokatwa. Katika timu yao alikuwako kijana wa miaka 21, jina lake Charles Thomas Studd, mwanafunzi wa Cambridge, mmoja wa wachezaji bora wa nchi nzima mwaka ule. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amewapiga watu hao hao wa Australia mbio 118 peke yake. Lakini nahodha, kwa sababu zake, alimweka awe mtu wa kumi katika orodha. Studd akangoja.

Alipoingia uwanjani, mbio zilizobaki zilikuwa chache sana. Akasimama upande mmoja na gongo lake. Mwenzake upande wa pili akatolewa. Akaja mtu wa mwisho, Peate, ambaye hakuwa mpigaji wa kutegemewa. Huyu, badala ya kujilinda ili Studd apate zamu, akajaribu kupiga kwa nguvu, na vijiti vyake vikaangushwa. Mchezo ukaisha. Waingereza walikuwa na mbio 77, wakashindwa kwa mbio saba tu. Na Charles Studd alikuwa bado amesimama pale na gongo mkononi. Hata mpira mmoja hakutupiwa.

Gazeti moja la London likaandika kwa mzaha tangazo la msiba, kwamba kriketi ya Uingereza imekufa, maiti itachomwa, na majivu yatapelekwa Australia. Hata leo mashindano ya nchi hizo mbili huitwa Majivu. Studd alikuwa katika timu iliyosafiri kwenda Australia mwishoni mwa mwaka huo kuyafuata majivu hayo, na wakashinda. Nahodha wao akapewa chombo kidogo cha udongo, kimo chake hakizidi sana upana wa kiganja, na jina la ukoo wa Studd limeandikwa juu yake. Chombo hicho kimehifadhiwa London mpaka leo.

Sasa, mpendwa msikilizaji, waweza kuuliza: mambo haya ya gongo na majivu yanatuhusu nini sisi watu wa Pwani? Subiri kidogo. Mwaka huo huo 1882, na mji huo huo wa London, kilichapishwa kitabu kingine ambacho chatuhusu sana. Kilikuwa kamusi ya Kiswahili ya Dakta Ludwig Krapf, yule mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe na mtoto wake mchanga upande wa Nyali, na mwaka 1846 akajenga Rabai pamoja na mwenzake Rebmann. Krapf mwenyewe hakuiona kamusi ile ikitoka, kwa maana alifariki mwaka 1881. Mmoja alikuwa akisifiwa na maelfu uwanjani, na mwingine kazi yake ilikuwa ikitoka kimya kimya baada ya yeye kuzikwa. Hakuna aliyejua kwamba njia za watu hawa wawili zingekuja kukutana katika lugha yetu hii ya Kiswahili.

Charles Studd alizaliwa tarehe 2 Desemba 1860 katika nyumba ya mali. Baba yake, Edward Studd, alitajirika huko Bara Hindi kwa mashamba ya nili, kisha akarudi Uingereza kustarehe na kufuga farasi wa mashindano. Farasi wake alishinda mbio kubwa za Grand National mwaka 1866. Mwaka 1875 tajiri huyo alikwenda kumsikiliza mhubiri wa Kimarekani, D. L. Moody. Alitoka mtu mwingine. Akaacha mambo ya farasi, akaifungua nyumba yake kubwa iwe mahali pa kuhubiria Injili, na akawasumbua rafiki na watoto wake juu ya roho zao. Miaka miwili baadaye akafariki. Wanawe watatu, Kynaston, George na Charles, nao walimpokea Kristo wakiwa bado vijana.

Lakini sikilizeni jambo hili. Charles aliokoka, kisha akanyamaza. Kwa muda wa miaka sita hivi hakumshuhudia mtu yeyote. Kriketi ilichukua moyo wake wote. Hakuwa mlevi wala mwizi. Alikuwa tu mtu mwema asiye na neno la kusema kwa ajili ya Bwana wake. Je, wengine wetu si hivyo hivyo? Twaijua njia ya kanisani, twajua na kiti chetu, lakini jirani tunayeteka naye maji kisima kimoja hajawahi kusikia neno kutoka kinywani mwetu.

Kisha nduguye George akaugua sana. Charles aliketi kando ya kitanda, akamtazama ndugu aliyempenda kuliko wote akikaribia kufa. George naye alikuwa mchezaji mashuhuri. Charles akajiuliza: sifa zote hizi zina faida gani sasa? Makofi ya uwanjani yanamsaidia nini mgonjwa huyu? Ni lile swali ambalo Bwana wetu aliliuliza katika Injili ya Marko, mlango wa nane, juu ya mtu aupataye ulimwengu wote. Mungu alimponya George. Lakini Charles hakuwa tena yule wa zamani. Alikata shauri kwenda China kuhubiri Injili.

Ndugu wa nyumbani walilia. Mama yake aliona uchungu. Watu walisema kijana amepotewa na akili. Hata hivyo, mwezi wa Februari 1885 aliondoka pamoja na vijana wenzake sita, wote watu wa jamaa bora, nao wakajulikana kwa jina la Saba wa Cambridge. Walipofika China walivaa nguo za Kichina, wakasuka nywele kama Wachina, wakajifunza lugha na kula vyakula vya wenyeji.

Huko China urithi wa baba yake ukamfikia. Zilikuwa pauni 29,000 hivi. Katika siku zile kibarua wa Uingereza asingalizipata fedha hizo hata angalifanya kazi maisha yake yote. Mwezi wa Januari 1887 Studd alizigawa. Pauni 5,000 alimpelekea Moody, nazo zikasaidia kuanzisha chuo cha Biblia mjini Chicago. Nyingine 5,000 zilikwenda kwa George Müller aliyewalea mayatima huko Bristol. Nyingine zikaenda kwa maskini wa London na kwa Jeshi la Wokovu kule Bara Hindi. Zikabaki pauni 3,400, akataka kumpa mchumba wake, Priscilla Stewart, mmisionari kutoka Ireland. Dada huyo akamwuliza Bwana alimwagiza nini yule kijana tajiri. Charles akajibu kwamba aliagizwa kuuza vyote. Basi, akasema Priscilla, na tuanze ndoa yetu tukiwa huru mbele za Bwana. Wakazitoa hata hizo. Walifunga ndoa mwaka 1888 bila akiba.

Nafahamu kwamba hapa mtu atasema: "Huyo alikuwa nazo za kutoa. Mimi nina minazi kumi na mikorosho mitatu." Ni kweli. Lakini angalia, ndugu yangu: Bwana hakuhesabu pauni. Yule mjane wa Injili alitoa senti mbili, na Bwana akasema ametoa kuliko wote. Mkono uliofumbwa juu ya shilingi moja ni sawa na mkono uliofumbwa juu ya pauni elfu.

Afya ya wote wawili iliwarudisha Uingereza mwaka 1894. Baadaye Studd alihudumu Bara Hindi tangu mwaka 1900 hata 1906. Alikuwa amedhoofika kwa ugonjwa wa pumu, na sasa alikuwa mzee wa karibu miaka 50. Ndipo mwaka 1908, mjini Liverpool, aliona tangazo mlangoni. Lilisema kwa mzaha kwamba walaji watu wanataka wamisionari. Maneno hayo hayatufurahishi sisi Waafrika, na tuna haki ya kutofurahi. Ndivyo watu wa Ulaya walivyozoea kutusema. Lakini Mungu aweza kutumia hata tangazo lenye dharau kumwamsha mtu. Studd aliingia ndani, akasikia kwamba katikati ya Afrika yako makabila mengi ambayo hayajahubiriwa hata mara moja. Daktari alimkataza kwenda. Wafadhili wakajitoa. Mwaka 1910 akaenda Sudan hivyo hivyo.

Mwaka 1913 akaja tena, akiwa na kijana mmoja, Alfred Buxton, wa ukoo wa yule Thomas Fowell Buxton aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa. Safari hii walipita Kenya na Uganda, wakavuka Ziwa Albert, wakaingia Kongo. Mwezi wa Oktoba walifika Niangara, katikati ya Afrika.

Nasi twaukumbuka vema mwaka 1913 hapa kwetu. Ndio mwaka ambao mama Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama katika Kaya Fungo wale kiapo cha kuikataa serikali ya kikoloni iliyodai kodi na vijana wa kufanya kazi. Mwezi ule ule wa Oktoba alikamatwa, naye na mzee Wanje wa Mwadorikola wakapelekwa Kisii, mbali na kwao. Walitoroka, wakarudi Pwani kwa miguu. Mwaka 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti.

Nayasema haya kwa sababu haifai kuzisimulia habari za wamisionari kana kwamba nchi ilikuwa tupu na tulivu. Kule Kongo watu walikuwa wameteswa vibaya kwa ajili ya mpira wa miti katika enzi ya Mfalme Leopold, iliyokwisha mwaka 1908. Walipomwona Mzungu walikuwa na sababu ya kuogopa. Sisi wa Malindi tunao mnara wa Vasco da Gama kando ya bahari, na juu yake uko msalaba. Twajua basi kwamba si kila aliyekuja na msalaba alikuja na upendo. Tutawatambuaje? Bwana alituambia tuutazame mti kwa matunda yake. Na mimi naongeza: mtazame mtu alichokuja kuchukua. Studd hakuchukua pembe wala dhahabu. Aliishi katika nyumba ya matete na nyasi, alilala kitanda cha kamba, na kaburi lake liko huko huko Ibambi.

Na lugha aliyoitumia ni ipi? Katika miaka yake ya mwisho alitoka jasho kuitafsiri Agano Jipya kwa Kingwana. Kingwana ndicho Kiswahili cha Kongo, kilichopelekwa huko na watu wa misafara waliotoka Pwani hii, walioitwa waungwana. Misafara ile mingine ilikuwa ya pembe na ya utumwa. Tazameni maajabu ya Mungu! Maneno yaliyopelekwa bara na misafara ya machozi, Mungu akayageuza yawe chombo cha habari njema. Krapf alipanda mbegu ya kazi hii Rabai, na mtu mwingine akavuna karibu na mto Uele.

Sasa, wapendwa, nisingekuwa mwaminifu kama ningewaambia mazuri tu. Biblia yenyewe haikuficha dhambi ya Daudi wala hofu ya Petro. Studd alikuwa mtu mgumu. Aliporudi Kongo mwaka 1916 alimwacha mkewe Uingereza, mama mwenye ugonjwa wa moyo. Priscilla aliinuka kutoka kitandani akaiendesha kazi ya nyumbani, akaandika barua, akatafuta wamisionari na fedha. Lakini kwa muda wa miaka kumi na miwili mume na mke hawakuonana. Mwaka 1928 ndipo Priscilla alipofika Ibambi, akakaa wiki mbili tu, akaagana naye. Mwezi wa Januari uliofuata akafariki. Hawakuonana tena duniani.

Tena aliwadai wenziwe kama alivyojidai mwenyewe. Alifanya kazi saa kumi na nane kwa siku, asielewe mtu aliyehitaji kupumzika. Alitengana na Alfred Buxton, ambaye alikuwa amekuwa mkwewe na mwanawe katika Injili. Maumivu ya mwili yalimfanya atumie dawa kali ya mofini, na jambo hilo pamoja na maandishi yake makali yaliwachukiza wazee wa halmashauri London, hata wakamwondoa katika shirika aliloanzisha yeye mwenyewe.

Je, alifanya vema kumwacha mkewe hivyo? Mimi siwezi kusema ndiyo upesi. Nawafikiria akina baba wengi wa Pwani hii waliokwenda kutafuta kazi Mombasa au Nairobi. Mwaka wa kwanza barua na fedha zilikuja. Mwaka wa pili ikaja barua tupu. Sasa mama analima peke yake, na watoto wanamjua baba kwa picha. Baba huyo asichukue habari za Studd kuwa ngao yake. Priscilla alikubali na akaishiriki kazi ile kwa moyo wote, na bado gharama ilikuwa kubwa mno. Wewe uliyeondoka, je, mwenzako alikubali? Umemwuliza? Kazi ya Bwana haianzi nje ya mlango wa nyumba yako.

Tena si kila mtu huitwa njia moja. Mwaka ule ule 1928, nduguye Charles, Kynaston, alifanywa Meya Mkuu wa London. Yeye alibaki kwao, akawatumikia vijana wa mjini miaka mingi katika Kristo. Mmoja alivaa joho la heshima, mwingine alivaa kaptura iliyochakaa. Bwana wao alikuwa mmoja.

Charles Studd alifariki Ibambi tarehe 16 Julai 1931, akiwa na umri wa miaka 70. Husimuliwa kwamba neno lake la mwisho lilikuwa Haleluya. Wakongo waliomwita Bwana Mukubwa walimzika kwa kilio.

Lakini kazi ya mtu hupimwa siku ya moto. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulipozuka, wamisionari kadhaa wa shirika lile waliuawa, na Wakristo wengi wa Kongo pia. Dakta Helen Roseveare, aliyejenga hospitali Nebobongo karibu na Ibambi, alishikwa mateka kwa miezi, akateswa vibaya. Wamisionari waliobaki wakaondoka. Nani aliyesimama? Wenyeji wenyewe. Wazee wa kanisa waliendelea kusali, kubatiza na kuzika. Mwaka 1966 daktari yule aliporudi, alilikuta kanisa bado liko. Hilo ndilo tunda. Si jina juu ya chombo cha majivu kule London.

Basi turudi uwanjani mwaka 1882. Kijana amesimama na gongo lake, na mpira haukumfikia. Wengi wenu mnaonisikia leo mko hivyo. Umesoma, una cheti, kazi haiji. Umelima, mvua haikunyesha. Umeomba kwa ajili ya mumeo miaka kumi, jibu hulioni. Wengine wamepewa zamu mbele yako, na wameiharibu. Mpendwa, katika hesabu ya kriketi, mchezaji aliyebaki amesimama haandikwi kwamba ametolewa. Studd hakupewa mpira siku ile, lakini hakuyaacha mahali pake. Na zamu yake iliyo kubwa ilikuwa bado mbele, katika nchi asiyoifikiria, alipokuwa mzee, mgonjwa, na watu wakisema amekwisha.

Usiache mahali pako. Na kama mkono wako umefumba kitu, ufumbue leo.

Na tuombe. Ee Bwana, twakushukuru kwa kuwa huwatumia watu wenye makosa, kwa maana huna wengine. Wakumbuke wanaongojea usiku huu, Pwani yote. Warudishe akina baba nyumbani kwao. Lilinde kanisa lako la Kongo katika taabu zake. Utupe kusimama mpaka mwisho. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu, Amina.